Lois Mailou Jones: Mchoraji Mweusi Aliyeshinda Tuzo Kwenye Shindano Alilokatazwa Kushiriki

Mwaka 1941, jijini Washington, Marekani. Mwanamke mmoja wa kizungu, raia wa Ufaransa, anaingia na mchoro kwenye jumba la sanaa la Corcoran, jengo lililoko hatua chache tu kutoka Ikulu ya Marekani. Anapeleka mchoro huo ushindanishwe na ya wengine. Mchoro unapokelewa, majaji wanautazama, wanaupenda. Hawaupendi tu, wanaupa na tuzo.

Sasa hapo ndipo picha linapoanza. Yule mzungu hakuuchora yeye.

Aliyeuchora ni rafiki yake, mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke mweusi aliyekuwa na miaka 35. Na shindano lile watu weusi walikuwa hawaruhusiwi. Kwa hiyo mwenye kazi alibaki nje, kazi ikaingia ndani, ikashinda. Majaji walioipa tuzo hawakujua kabisa wamempa nani.

Jina lake ni Lois Mailou Jones. Na ukifuatilia maisha yake tangu mwanzo utagundua hiyo ya 1941 haikuwa mara ya kwanza kazi yake kupendwa bila yeye kujulikana. Ni kama kitu kimoja kilikuwa kinamfuata kila anapoenda: mikono yake inatakiwa, jina lake halitakiwi.

Binti wa Boston

Lois alizaliwa Novemba 3, 1905, katika jiji la Boston. Familia yake haikuwa ya kitajiri ila ilikuwa ya watu wanaojituma kweli kweli. Baba yake alikuwa msimamizi wa jengo, na huku akifanya kazi hiyo alisoma sheria usiku mpaka akawa mwanasheria, mtu mzima tayari ana mke na watoto. Mama yake alikuwa mtu wa urembo, anatengeneza nywele za watu na kushona kofia. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye nyumba ambayo rangi, maua na vitambaa vilikuwa kila kona.

Kipindi cha joto familia ilikuwa inaenda kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard. Ni kisiwa cha mapumziko, na kuna sehemu inaitwa Oak Bluffs ambako familia za watu weusi wenye uwezo kidogo zilikuwa na nyumba zao. Huko ndiko Lois alianza kuchora bahari, maboti na nyumba za mbao. Akiwa na miaka 17 tu, michoro yake ilikuwa imeshafanyiwa maonyesho pale kisiwani.

Huko huko kisiwani alikutana na watu wawili waliomfungua macho. Mmoja ni Meta Warrick Fuller, mchonga sanamu mweusi aliyewahi kusoma Paris. Mwingine ni mwanamuziki Harry Burleigh. Wote walimwambia ukweli bila kuremba: binti, ukitaka kutoboa kwenye sanaa na rangi yako hiyo, hapa Marekani watakubania. Itabidi uende Ufaransa.

Lois hakulisahau hilo neno. Ila kwanza alipiga kitabu. Tangu 1923 mpaka 1927 alisoma kwenye shule ya sanaa ya Makumbusho ya Boston, moja ya shule za sanaa zenye heshima kubwa nchini kwao, na alisoma kwa kupata ufadhili.

Kitambaa kipo dukani, jina halipo

Alipomaliza shule alianza kubuni michoro ya vitambaa. Hivi ni vitambaa vya mapazia na vya kuvalisha makochi, vya maua, ndege na majani, rangi zinawaka. Kampuni za Boston na New York zilikuwa zinanunua michoro yake na kuichapa kwenye majora na majora ya nguo. Hela ilikuwa inaingia. Kwa binti wa miaka ishirini na kitu, tena mweusi, miaka ile ya 1920, hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Siku moja akapita kwenye duka la mpambaji wa nyumba, akaona kochi limevalishwa kitambaa. Akakitambua hapo hapo. Mchoro ule ni wake! Akamwambia mwenye duka kwamba kile kitambaa amekibuni yeye. Jibu alilopata lilikuwa la kumkatisha tamaa kabisa: haiwezekani, wewe msichana mweusi huwezi kuwa umefanya kitu kama hiki.

Tafakari kidogo. Wewe leo ukiposti kazi yako, mtu akaichukua, akakata jina lako na kuipandisha kwenye ukurasa wake, unaumia siku nzima. Lois alikuwa amesimama mbele ya kazi yake, anaigusa kwa mkono, na bado haaminiki.

Hapo ndipo alipogundua tatizo liko wapi. Kitambaa kina jina lake chenyewe, kampuni ina jina lake, ila aliyechora hana jina. Akaamua kuachana na vitambaa na kuwa mchoraji wa turubai, kwa sababu moja tu ya msingi: kwenye turubai msanii anasaini.

"Nenda Kusini ukawasaidie watu wako"

Aliporudi kwenye ile shule aliyosoma kuomba nafasi ya kufundisha, alipigwa chini. Hawakumwambia kwamba hajui. Walimwambia kwamba ni bora aende majimbo ya Kusini akawasaidie watu wake. Kwa lugha nyepesi, una kipaji, tumekufundisha wenyewe, lakini sio hapa kwetu.

Lois alikuwa mtoto wa Boston, Kusini alikuwa hakujui. Huko sheria za ubaguzi zilikuwa za wazi kabisa, weusi na weupe wametenganishwa kuanzia shule, mabasi mpaka mabomba ya maji ya kunywa. Lakini alikwenda. Mwaka 1928 alijiunga na shule ya Palmer Memorial Institute kule North Carolina, shule ya vijana weusi iliyoanzishwa na mama mmoja mpambanaji sana, Charlotte Hawkins Brown.

Pale Lois alianzisha idara ya sanaa. Na hakuishia hapo, maana shule ilikuwa na walimu wachache. Alikuwa anafundisha mpira wa kikapu, anafundisha ngoma za asili, na anapiga piano. Mwalimu mmoja, kazi nne!

Habari zake zikamfikia James Herring, aliyekuwa mkuu wa idara ya sanaa kwenye Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo maarufu kuliko vyote vya watu weusi wakati huo. Akamchukua. Lois aliingia Howard mwaka 1930 na hakutoka mpaka 1977 alipostaafu. Hiyo ni miaka 47 ya kufundisha. Kati ya waliopita mikononi mwake yupo Elizabeth Catlett na yupo David Driskell, majina ambayo leo huwezi kuandika historia ya sanaa ya Wamarekani weusi ukayaruka.

Mwanzoni mwa kipindi hicho, mwaka 1932, alichora moja ya kazi zake zinazojulikana sana, "The Ascent of Ethiopia". Kwa mbele kuna kichwa kikubwa chenye vazi la kifalme la Misri ya kale. Nyuma yake kuna watu wanapanda ngazi kuelekea mji wenye maghorofa marefu, kwenye sanaa na muziki. Wakati huo Wamarekani weusi wengi walilitumia jina Ethiopia kumaanisha Afrika nzima na watoto wake wote waliotawanyika. Lois alikuwa bado hajakanyaga Afrika. Ila tayari alikuwa anaifikiria.

Paris, mahali alipopumua

Mwaka 1937 ule ushauri wa kisiwani ukatimia. Lois alipata ufadhili, akapanda meli kwenda Ufaransa na kujiunga na shule ya Académie Julian jijini Paris.

Kwa mujibu wa mwenyewe alivyosimulia baadaye, huko ndiko alikojisikia huru. Alikuwa anaweka turubai yake barabarani na kuchora, watu wanapita, wanaangalia mchoro, wanasifia, wanaendelea na safari zao. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mtu mweusi ameshika brashi. Mchoraji mkongwe Émile Bernard aliziona kazi zake na kumtia moyo aendelee.

Kwenye shule hiyo alikutana na binti wa Kifaransa aliyemsaidia na lugha, Céline Tabary. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Likumbuke hili jina.

Paris wakati ule ilikuwa imejaa vinyago vya Kiafrika, kwenye makumbusho na kwenye maduka ya sanaa. Vingi vilifika huko kwa njia ya ukoloni. Lois alikuwa anazunguka kuviangalia na kuvichora kwenye daftari. Mwaka 1938 akatoa mchoro unaoitwa "Les Fétiches", vinyago vya sehemu mbalimbali za Afrika vinatokeza gizani kama vinacheza.

Walimu wake wakashangaa, wakasema huu haufanani na kazi zake. Jibu lake lilikuwa kavu. Kama akina Picasso na Modigliani wanachukua vya Afrika na kusifiwa dunia nzima, mwenye haki zaidi ya kuvitumia ni nani kama sio yeye, ambaye huo ni urithi wake?

Leo mchoro huo uko kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa ya Kimarekani ya Smithsonian, Washington.

Ule mchezo wa 1941

Likizo ikaisha, Lois akarudi Marekani mwaka 1938. Na kila kitu kilikuwa vile vile alivyokiacha. Kwenye mashindano mengi, wakishajua mchoraji ni mweusi, mchoro unarudi bila hata kufunguliwa vizuri. Kwa hiyo akajifunza kutokuonekana. Kazi nyingine alikuwa anazituma kwa mzigo ili asijitokeze mwenyewe mlangoni.

Céline Tabary naye alikuja Marekani kumtembelea, Vita Kuu ya Pili ikamkuta huko huko, akashindwa kurudi kwao na akaishia kufundisha Howard. Ndipo ule mpango ukawezekana.

Mchoro wenyewe unaitwa "Indian Shops, Gay Head". Unaonyesha vibanda vya biashara vya wenyeji wa asili wa Marekani, kwenye ncha ya kisiwa cha Martha's Vineyard, kile kile alichokulia. Céline akaubeba, akaingia nao Corcoran kama vile ni mambo ya kawaida. Ukashinda tuzo ya Robert Woods Bliss.

Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Umeshinda. Ndiyo habari unayotaka kumwambia mama, majirani na wanafunzi wako. Ila ukifungua mdomo, waliotoa tuzo wanaweza kuifuta kesho yake asubuhi. Kosa sio mchoro, kosa ni wewe. Lois alishinda kimya kimya.

Kuna watu wanaisimulia stori hii kama kichekesho, jinsi wabaguzi walivyopigwa chenga. Na kweli walipigwa chenga. Lakini aliyelipa gharama ya chenga hiyo ni yeye. Yule aliyeacha vitambaa ili kazi yake iwe na jina, alilazimika tena kuliweka jina pembeni ili kazi ipite.

Mzee wa barabarani

Howard kulikuwa na mwanafalsafa mmoja, Alain Locke, mtu aliyekuwa na sauti kubwa kwenye kizazi cha wasanii weusi wa Harlem. Alizipenda picha za Lois za mitaa ya Ufaransa, lakini akamwambia: chora na watu wako pia.

Mwaka 1944 Lois akatoa mchoro mzito kuliko yote aliyowahi kuchora, "Mob Victim (Meditation)". Zama hizo Marekani watu weusi walikuwa wanakamatwa na makundi ya wazungu na kunyongwa kwenye miti, bila kesi wala hakimu. Lois alikutana na mzee mmoja mtaani Washington, akavutiwa na sura yake, akamwomba amchore. Alipomweleza anachotaka kuchora, mzee akamwambia kwamba aliwahi kuona kwa macho yake mtu akifanyiwa unyama huo. Akamwonyesha jinsi yule mtu alivyosimama dakika za mwisho.

Ndivyo alivyomchora. Mikono imefungwa, macho yanatazama juu. Hakuna damu, hakuna kundi la watu. Kuna mzee peke yake na heshima yake. Ukiangalia unajikuta wewe ndiye umesimama upande wa wale wauaji, unamtazama, na yeye hata hana shida na wewe tena.

Haiti na rangi mpya

Kwenye mapenzi bi dada alijipa muda. Mwaka 1934, alipokuwa akisoma kozi za likizo kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, alikutana na msanii kutoka Haiti, Louis Vergniaud Pierre-Noël. Wakabaki marafiki kwa karibu miaka 20. Walikuja kufunga ndoa mwaka 1953 kule Ufaransa. Yeye Lois, mume Louis!

Mwaka 1954 serikali ya Haiti ilimwalika kwenda kuchora nchi na watu wake. Hapo mkono wake ulibadilika kabisa. Zile rangi za upole za Paris zikaondoka, zikaja nyekundu, bluu na njano za nguvu. Akachora akina mama wa sokoni na vikapu vyao, akachora alama za dini ya vodou, maumbo bapa yaliyopangwa kama mchoro wa nguo.

Na hapa kuna kitu kizuri. Ukiziangalia hizo kazi za baada ya Haiti utaona yule binti wa vitambaa amerudi. Mpangilio ule ule, maua na mistari ile ile inayojirudia. Tofauti ni moja. Safari hii pembeni kuna saini.

Mwaka 1970, Afrika yenyewe

Akiwa na miaka 64, Lois alipata fedha za utafiti kutoka Howard na akafunga safari ya Afrika. Alitembelea nchi 11, zikiwemo Ethiopia, Sudan, Kenya, Zaire, Nigeria, Ghana na Senegal. Hakwenda kutalii. Alikuwa anawatafuta wasanii wa Kiafrika waliokuwa hai na wanafanya kazi wakati huo, anazungumza nao, anapiga picha kazi zao na kukusanya kila kitu kwa ajili ya kumbukumbu za chuo chake, ili wanafunzi wake wajue kwamba Afrika sio vinyago vya zamani peke yake.

Angalia anachokifanya hapo. Vile vinyago alivyoviona Paris mwaka 1937 havikuwa na majina ya waliovichonga. Viliwekwa kwenye kabati za vioo, vimeandikwa kabila basi. Mwanamke aliyejua uchungu wa kutokutajwa, alipopata nafasi, alienda kuwatafuta wenye kazi na kuwaandika.

Matunda ya safari hiyo ni kama "Ubi Girl from Tai Region" wa mwaka 1972. Ni uso wa binti wa Ivory Coast aliyepakwa rangi kwa ajili ya sherehe, pembeni yake kuna michoro ya vinyago na mistari ya vitambaa. Afrika, Paris na vile vitambaa vya Boston, vyote kwenye turubai moja.

Milango inaanza kufunguka

Mwaka 1973 Makumbusho ya Sanaa ya Boston yalifanya maonyesho ya kazi zake peke yake. Ndiyo, makumbusho yale yale ambayo shule yake ilimwambia aende Kusini. Alikuwa na miaka 67. Na "Ubi Girl" mpaka leo ni mali ya makumbusho hayo.

Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimpa heshima Ikulu pamoja na wasanii wengine weusi. Kumbuka Ikulu hiyo na Corcoran walikuwa majirani. Ila majirani hao hawakufungua mlango kwa wakati mmoja.

Corcoran walichukua muda zaidi. Ilikuwa 1994, walipofanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake, ndipo walipomwomba radhi hadharani kwa jinsi alivyobaguliwa. Tangu Céline aingie na ule mchoro mlangoni ilikuwa imepita miaka 53. Lois alikuwa na miaka 88. Mume wake alikuwa ameshafariki tangu 1982.

Lakini yeye alikuwepo. Alisimama ndani ya jengo lile, michoro yake imejaa ukutani, na safari hii hakuna aliyemshikia mzigo.

Lois Mailou Jones alifariki Juni 9, 1998, Washington, akiwa na miaka 92, na aliendelea kuchora mpaka uzeeni kabisa. Alizikwa Oak Bluffs, kule kisiwani alikoanzia.

Tunajifunza nini?

Kirahisi unaweza kusema somo ni "usikate tamaa". Sawa, ni kweli, hakukata tamaa. Ila tusiifanye stori iwe tamu kuliko ilivyokuwa. Msamaha wa miaka 53 baadaye haurudishi ujana wa mtu. Haurudishi kazi zilizokataliwa kabla hazijatazamwa, wala haufuti ile siku alipoambiwa hawezi kuwa ndiye aliyechora kitambaa chake mwenyewe. Na yeye angalau aliishi miaka mingi. Wenzake wangapi walikufa kabla mlango haujafunguliwa?

Kilicho chake kweli ni kwamba alipobaniwa jina, hakuacha kazi, na alipolipata, hakulitumia peke yake. Miaka 47 aliwafundisha wengine kusaini. Alivuka bahari akiwa mtu mzima kwenda kuwauliza wasanii wa Afrika majina yao.

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na mchoro mkali, kitenge kikali au muundo wowote uliokusimamisha, kabla hujausambaza kwa watu wako, uliza swali lile ambalo yule mwenye duka alishindwa kuuliza.

Nani kaifanya hii?